Ng'ombe Sitini na Moja Hazina Mwenyewe

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima kutoka kaunti, pamoja na wakubwa wa serikali mmekaa chini ya hema; Mwenyekiti wetu mpya wa Sacco, Mama Chepchumba; Pasta, Chifu, wazee wenye fimbo na wazee wenye simu; akina mama mmetoka kuchuna chai, vikapu bado iko mgongoni; vijana wa boda mmepaki kwa kivuli cha watu wengine; na wewe umekuja kwa sababu ulisikia kuna mchele na nyama, usijifiche, hata mimi hiyo habari ilinifikia mapema. Chamgei. Watu wa Murang'a wa hapa Kapsoit, nimewaona mmekaa karibu na sufuria. Watu wa Kisii mmekuja kusindikiza dada yenu, bwakire. Nawasalimu nyote, mkubwa kwa cheo chake, mdogo kwa njaa yake.

Kwa wageni wenye hawanijui, naitwa Chege, broka wa ng'ombe. Shule nilifika darasa la tano. Darasa la sita nililiona kwa dirisha nikipita na mbuzi. Kwa hivyo kama mlitarajia hotuba ya kuandikwa, hiyo imesomwa na Mheshimiwa, na ilikuwa nzuri, na ilikuwa ndefu. Mimi nimepewa dakika tano. MC ameniangalia na jicho ya kusema tano ni tano. Bwana MC, mtu amekaa miezi kumi na nne akiitwa mwizi, hata wewe ukipewa maiki utaangalia saa?

Leo tuko na mambo mbili hapa. Sacco yetu ya wakulima wa chai inarudishiwa pesa yake, na tunaaga Madam Nelvine Bochaberi, mpelelezi wa mambo ya pesa, mwenye alituletea hiyo pesa na sasa anahamishwa Eldoret. Nimeambiwa nimshukuru. Lakini siwezi kumshukuru kama sijasema alitoa nini, na alitoa wapi, kwa sababu hapa kuna watu bado wanafikiri pesa ilipatikana kwa maombi. Pasta, maombi ilisaidia. Lakini Mungu alitumia mtu na faili.

Mnakumbuka ile bonasi ya mwaka juzi? Majani tulichuna, kiwanda ikalipa, Sacco ikapokea. Halafu ikawa kimya. Tunaenda ofisini tunaambiwa ni mtandao. Wiki ijayo ni mtandao. Kuna mzee hapa aliuliza, huyo Mtandao ni mtu wa wapi, tumfuate nyumbani kwake. Watoto walifukuzwa shule kwa kukosa karo. Mama mmoja aliuza jiko. Na meneja wetu Mathew, kila Jumapili yuko kanisani mstari wa pili, koti moja, kiatu moja, pikipiki ya kupigwa teke mara kumi ndiyo iwake. Nani angemshuku mtu kama huyo? Sisi tulikuwa tunamwonea huruma. Mimi mwenyewe nilimnunulia chai.

Sasa mnisikilize, kwa sababu hapa ndiyo naingia mimi, na siingii vizuri.

Mathew alikuja kwangu soko ya Mulot. Akaniambia, "Bamwai, rafiki yangu, wewe unajua ng'ombe. Nitafutie mtamba nzuri, Friesian ama Ayrshire, usiniletee mifupa." Nikatafuta. Akalipa, pesa ingine mkononi, ingine kwa simu ikitoka kwa kampuni ya mbolea. Nikauliza mbolea inaingiaje hapa? Sikuuliza. Broka akiuliza pesa imetoka wapi, komisheni inaenda kwa broka mwingine. Baada ya wiki moja akataka tatu zingine. Mwezi ikiisha, saba. Na kila moja ananiambia, "Hii peleka kwa mama fulani kule Ndanai. Hii peleka kwa mzee fulani chini ya Kapsoit. Waambie tu Mathew amesalimia."

Wageni wetu wa Nairobi, hiyo haikunishtua, na nitawaambia kwa nini. Wakipsigis wako na desturi inaitwa kimanagan. Mtu hawezi kuweka ng'ombe yake yote kwa boma moja, ugonjwa ikiingia inamaliza yote. Kwa hivyo anampa rafiki hii, anampa rafiki ile. Rafiki anachunga, anakamua, maziwa ni yake. Ng'ombe na ndama inabaki ya mwenyewe. Na wewe mwenye umepewa, hutangazi. Ukiulizwa, unasema "ni ng'ombe ya rafiki," basi. Kuuliza mtu ng'ombe yake iko ngapi na iko wapi, huku kwetu, ni kama kumuuliza Mheshimiwa hapa mshahara yake. Mheshimiwa, samahani, sikuulizi.

Ni desturi nzuri. Imelisha watoto wa maskini tangu zamani. Na Mathew, huyo kijana yetu wa mstari wa pili, akachukua hiyo kitu nzuri akaifanya benki ya wizi. Benki yenye haina jengo, haina askari, haina karatasi, na wenye wanaweka pesa yake hawajui wameweka. Ng'ombe sitini na moja, nyumba zaidi ya hamsini, kutoka Kapsoit mpaka Ndanai mpaka Mulot. Na mtu wa kuzipeleka moja moja na kamba, akipiga mluzi, ni nani? Ni huyu mnamwona hapa ameshika maiki.

Halafu wanachama wakaandamana. Serikali ikamtuma Madam Nelvine. Akafungua akaunti ya Mathew, akapata shilingi elfu moja mia tatu. Shamba, hakuna. Gari, hakuna. Nyumba ni ya kupanga, na kodi ya miezi mbili hajalipa. Akafuata ile kampuni ya mbolea, akapata ni jina tu na muhuri, haijawahi kuuza hata kijiko ya mbolea. Pesa ya Sacco iliingia hapo na ikatoka. Ilitoka ikaenda kwa nani? Ikaenda kwa simu ya Chege.

Nilikuwa nakunywa uji nikapata ujumbe akaunti imefungwa. Nikafikiri ni wale watu wa kutapeli kutoka jela, nikawajibu vibaya sana. Kumbe ni korti. Plot yangu hapa, ile baba alinunua kabla nizaliwe, korti ikaweka alama isiuzwe. Na habari ikatangulia mbele yangu mpaka Mulot. Kufika sokoni, mtu tumekula naye miaka kumi akaniambia, "Chege, rudisha pesa ya wakulima ama urudi kwenu."

Ndugu zangu, kwetu ni wapi? Baba yangu amelala hapo nyuma ya kanisa. Murang'a mimi huenda kwa mazishi, na nikienda napotea, naelekezwa na watoto. Lakini mnajua, na mimi najua, na hatuna haja ya kudanganyana siku nzuri kama leo: mambo ikiharibika huku, kuna wengine wetu hukumbukwa walitoka wapi. Bibi yangu Waringa alikunja nguo za watoto akaziweka kwa begi. Hiyo begi ilikaa kando ya mlango miezi mingi, na mimi kila nikiingia nairuka.

Nikaitwa ofisini Kericho. Nikaenda na ile koti ya harusi. Madam akaniangalia kutoka kiatu mpaka kichwa.

"Bwana Chege, zaidi ya milioni saba imepita kwa mikono yako. Hizi pesa ni zako?"

"Madam, kama ingekuwa yangu ungenipata na koti kama hii?"

Hakucheka. Akasema, "Koti si ushahidi."

Mimi nimewahi kuchekesha askari wa barabara akasahau kitu alikuwa ananishikia. Huyu mama sikumweza. Nikamwambia yote, ng'ombe moja baada ya ingine. Akaandika. Halafu akamwita Mathew. Na Mathew, mtu nilimnunulia chai, akasema hivi, nilisomewa nikasikia na masikio yangu: "Mimi sina ng'ombe hata mmoja. Chege ni broka, alininunulia nini? Hizo ni biashara zake. Na kampuni ya mbolea, mwulizeni yeye."

Mnaona venye alinifunga? Pesa ilipita kwangu. Ng'ombe nilinunua mimi. Karatasi yote ilikuwa na jina yangu, na yeye hana hata kwato. Wakili akiniuliza nina ushahidi gani, nina nini? Nina "Mathew amesalimia."

Sasa sikilizeni venye huyu Madam alifanya kazi. Mwingine angenifunga mimi, afunge faili, aende nyumbani. Yeye alikaa akauliza swali moja: mtu akiwa na ng'ombe sitini ya pesa mingi, anaweza kuziacha tu hivyo? Akaenda Ndanai kutafuta Kipkemboi. Kipkemboi ni yule daktari wa ng'ombe wa kupandisha kwa sindano. Amesimama pale nyuma, inua mkono, Daktari. Huyu hupanda pikipiki na ile mtungi yake ya baridi, na ako na daftari. Ng'ombe gani, boma gani, tarehe gani, dume gani. Na kwa daftari yake kulikuwa na boma nyingi za watu maskini kabisa, wenye hawawezi kulipia hata dume ya jirani, lakini ng'ombe yao inapandishwa na mbegu ya kutoka nchi ya baridi, ile ya bei ya juu. Na nani alilipa? Laini moja ya simu. Kila mara laini hiyo hiyo. Laini ya mtu alikufa miaka sita iliyopita. Baba yake Mathew.

Mathew aliiba bila kuacha alama kwa benki, kwa shamba, kwa gari. Lakini ng'ombe yake ipandwe na ile dume ya jirani yenye miguu imepinda? Hapana. Hiyo ilimshinda. Aliweza kulaza watoto wetu njaa, lakini kuharibu damu ya ng'ombe, moyo ilikataa. Sasa niambieni, kuna mwizi wa nchi ingine angeshikwa hivyo? Huyo ni mwizi wetu kabisa, wa hapa.

Basi tukazunguka wiki tatu na gari ndogo ya Madam, mimi, yeye, Kipkemboi na daftari. Mimi jina la mtu nasahau hata ukiniambia mara nne, Mheshimiwa jina lako nimeulizia mara mbili asubuhi. Lakini ng'ombe nikiona mara moja nimeona. Nikifika bomani nasema, hii nilitoa Mulot, siku ya mvua, kwa yule Mmaasai wa jino la dhahabu, pembe ya kushoto ilikuwa na ufa. Madam anaangalia simu yangu, tarehe iko, pesa iko. Anaangalia daftari ya Kipkemboi, boma iko. Kila kitu inaingiana kama meno.

Lakini mwenye boma akiulizwa, "Hii ng'ombe ni ya nani?" jibu ni moja tu: "Ni ya rafiki." Rafiki gani? "Rafiki." Nyumba ishirini, rafiki. Nyumba thelathini, rafiki. Sikuwalaumu. Walikuwa wanashika heshima. Lakini kila mtu akisema rafiki, mimi naona mlango ya jela inafunguka kidogo, kwa sababu laini ya marehemu pekee haimfungi mtu, na bila mtu wa kutaja Mathew, hizo zinabaki ng'ombe za Chege.

Nyumba ya thelathini na sita ilikuwa ya Kogo Janeffer, na kogo kwa Kikipsigis ni nyanya.

Kogo, najua hutaki nikutaje. Vumilia.

Mnamjua Kogo. Mjane, chai yake ni mistari michache hapo juu ya barabara, wajukuu wanne. Ng'ombe mbili alikuwa nazo za Mathew, na hao watoto maziwa yao ilikuwa hiyo. Alikuwa amemshukuru Mathew sana. Kila Krismasi anampelekea kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, ile ya mkaa mzuri, anatembea nayo kwa mguu. Sasa amesimama pale mlangoni, Madam anamuuliza, ng'ombe ni ya nani. Kogo akauliza, "Kwa nini mnauliza?" Madam akamwelezea polepole. Akamwonyesha kwa karatasi: bonasi iliingia hapa, ikatoka hapa, ikanunua hii unakamua.

Kogo alikaa chini kwa gogo. Mzee mmoja jirani alikuwa hapo, sitamtaja, ako hapa na amekula vizuri, akamwambia kwa Kikipsigis asitoe siri ya kimanagan, itamletea laana. Kogo akamjibu, na Kipkemboi akanitafsiria: "Kimanagan ni ya mtu kukupa ng'ombe yake. Huyu amenipa ng'ombe yangu. Nimempelekea mursik miaka miwili nikimshukuru kwa kuniibia."

Halafu akasimama akamwambia Madam, "Andika. Ni ya Mathew. Alikuja mwenyewe siku ya pili kuangalia kwato. Na huyu Mkikuyu alileta tu na kamba."

Ndugu zangu, nimeitwa majina mingi kwa maisha yangu, lakini sijawahi kufurahi hivyo kuitwa Mkikuyu alileta na kamba.

Alijua ng'ombe itachukuliwa. Hakuna mtu alimdanganya. Alijua wajukuu watakunywa chai ya rangi. Na alisema hayo tena kortini, mbele ya Mathew na wakili yake wa tai nyekundu. Wakili akamuuliza, "Mama, una karatasi ya kuonyesha ulipewa ng'ombe na mteja wangu?" Kogo akamwambia, "Kijana, wewe mama yako alikupa karatasi akikunyonyesha?" Hakimu akainamia kitabu yake, tukaona mabega inatingika.

Baada ya yeye, wengine walikuja. Kumi, ishirini, arobaini na tatu. Kila mtu na jina moja: Mathew. Hata yule mzee wa laana alikuja, na alikuja mapema.

Korti ikasema ng'ombe ni mali ya wizi, zirudi kwa wenye pesa. Na ndama zake pia. Mimi nilihurumia hizo ndama. Kuna moja ilikuwa na siku tatu, haijajua kusimama vizuri, tayari iko na faili ya serikali. Sitini na moja zilikufa nne, zikazaa thelathini na nane. Mnada ikafanywa Ndanai, na leo mmesikia Mwenyekiti akisoma: kwa kila shilingi mia tuliibiwa, tisini na sita imerudi. Mheshimiwa, hebu niambie, kuna pesa gani ya umma imewahi kuibiwa hii nchi ikarudi ikiwa imenona?

Mathew yuko ndani, na hiyo sitachekelea, ako na mama yake. Akaunti yangu ilifunguliwa. Plot imetolewa alama. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikapata Waringa ametoa nguo kwa begi, amezianika kwa waya, nguo zenye hazijafuliwa, zinapigwa tu upepo. Nikamuuliza, mbona unaanika nguo safi? Akaniambia, "Acha zipumue." Mimi pia nilikaa nje nikapumua.

Madam Nelvine, nakushukuru. Najua sifa zingine utapewa na watu wa kusoma, na cheti utapewa yenye fremu. Mimi nakusifu kwa kitu moja. Ulikuwa na mtu rahisi wa kufunga, na ukakataa rahisi. Wale mnabaki ofisini kwenu, na nyinyi wa ofisi yenye tuliandikia barua tatu kabla huyu mama aje, barua mkazipiga muhuri vizuri sana, tunaomba mjifunze kwake. Muhuri haikamuliwi. Eldoret wametushinda kwa mbio, sasa wametushinda kwa wewe pia. Ukifika huko ukiona mtu wa pikipiki mbovu na ng'ombe haijulikani iko wapi, uliza kwanza nani anapandisha.

MC, naona mkono. Namaliza.

Jana asubuhi kabla ya jua kupanda, mbwa ilibweka nikatoka. Nikapata Kogo Janeffer kwa mlango yangu, na kamba, na ndama jike. Ni ile ilizaliwa kwake. Kumbe kule mnada, akina mama wa chama chao walichanga wakamnunulia. Nikamwambia, Kogo, hongera, lakini umepotea njia, nyumbani kwako ni huko juu. Akasema, "Sijapotea. Kaa naye."

Nikamuuliza, kwa nini mimi? Ukoo yako yote iko hapa, mimi hata lugha yenu nikisema mnacheka. Akaniambia, "Wewe uliulizwa ng'ombe ya watu ukaonyesha yote, hata zile hakuna mtu alijua. Nikifa, watoto wangu watajua wa kuuliza." Akanipa kamba. Halafu akasema, "Na mara hii, utasema mbele ya watu. Siri tumemaliza."

Kwa hivyo, Mheshimiwa, Chifu, wazee, Madam na faili yako, na wewe uliniambia nirudi kwetu, nakuona na nimekusamehe, nasema mbele yenu nyote. Kwangu Kapsoit, nyuma ya nyumba ya marehemu baba yangu, kuna ndama jike, mweusi, doa nyeupe kwa paji la uso. Sikumnunua. Akianza kutoa maziwa, maziwa ni ya Waringa na watoto. Akizaa, watoto wake si wangu. Yeye mwenyewe si wangu. Ni wa Janeffer, amewekwa kwangu kimanagan, na mimi ndiye rafiki.

Kongoi, Kogo, asante. Nyote mmenivumilia kupita dakika zangu, nawashukuru kwa masikio yenu. Mheshimiwa, ukimaliza kula pitia kwangu umuone huyo ndama.